SIPOSTI KLIPU YA YULE DADA WA KAZI: Kabla hujafunga kamera za bei chee nyumbani, soma yaliyonikuta

Tangu juzi inbox yangu haipumui. "Admin umelala?" "Admin weka klipu ya dada wa kazi." "Admin, blogu zote wameshaweka, wewe unaogopa nini?" Mnaongelea ile klipu ya mrembo wetu wa mjini, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kamera ya jikoni kwake imemnasa dada wa kazi anatoka mlango wa nyuma na mfuko, anageuka kuangalia nyuma, anapotea. Mrembo kaiposti na maneno makali, sura ya binti haijafichwa hata kidogo. Mpaka naandika hapa, watu wameshamtukana yule binti, kabila lake na mama yake mzazi.

Siiweki. Leo nawaambia kwa nini, ingawa stori yenyewe inanivua nguo mwenyewe.

Wa siku nyingi humu mnakumbuka mwaka jana ilitoka klipu ya aina hiyo hiyo, ya mtu mwingine, na mimi niliiweka. Tena kichwa cha habari herufi kubwa tupu. Siku ile mlifungua blogu kuliko siku yoyote, na mimi nikajiona nimefika. Ile posti nimeifuta wiki iliyopita, msiitafute. Nimeifuta kwa sababu kwetu nyumbani tuna kamera nne, nilisimamia kufungwa kwake mimi mwenyewe, na nimeona kwa macho yangu jinsi kamera ya bei chee inavyoweza kutoa ushahidi wa uongo.

ILIANZIA KWA STAA

Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, naye simtaji, aliwahi kuzungusha simu mjengoni kwake akionyesha kila kitu. Viatu, magari, halafu akafika kwenye runinga kubwa ukutani ina vidirisha 16, kila kidirisha kamera yake. "Hapa hata paka akipita namuona," akasema. Wadau mlipagawa. Mimi nilipagawa zaidi. Nimekuja kuiangalia tena ile video juzi kwa utulivu, nikahesabu: vidirisha vitano vilikuwa vyeusi tii. Kamera 16 kwa maneno, 11 kwa picha. Siku ile sikuhesabu. Nani anahesabu?

Basi nami nikataka. Kwetu ni Kitunda, nyumba ya bi mkubwa, uwanja mrefu, geti liko mbali na nyumba kama mita 40 hivi. Nilikuwa na laki tano na nusu, hela niliyokusanya kwa matangazo madogo madogo ya humu. Nikaenda Kariakoo na fundi mmoja kijana wa mtaani kwetu. Kamera nne, mashine ya kurekodi, yaani ile DVR, pamoja na diski yake, vikala zaidi ya laki nne. Nikabaki na laki na kitu ya waya, adapta, vikorokoro na hela ya fundi.

Fundi akaniambia ukweli pale pale dukani. "Kaka, geti lenu liko mbali. Tupunguze kamera ziwe mbili, tununue waya wa maana."

Nikamjibu: "Mbili? Kaka, watu si watacheka?"

Fundi akanyamaza. Mteja ndiye mwenye hela. Tukachukua kamera nne na waya wa bei ya chini kabisa uliokuwa dukani. Jioni akamaliza kufunga, giza linaingia, akaniambia, "Saa ya DVR sijaigusa, utairekebisha mwenyewe kwenye mipangilio." Nikasema poa. Nilikuwa bize napiga picha vidirisha vinne kwenye runinga yetu niweke status.

Saa sikuigusa. Wadau, kumbukeni hilo.

USIKU WA ALHAMISI

Tulikuwa na dada wa kazi, binti wa miaka 22 kutoka Singida, kakaa kwetu miaka miwili. Mcheshi, mchapakazi, anamwita bi mkubwa "mama", mimi ananiita "kaka". Kwenye nyumba ile yeye ndiye alikuwa anajua kila kitu kilipo. Hata kadi ya kliniki ya mama alikuwa anaitunza yeye.

Ijumaa asubuhi tunaamka, pampu ya maji haipo, mtungi mkubwa wa gesi haupo. Geti limefungwa vizuri, kufuli zima. Bi mkubwa akasema neno moja tu: "Huyu ni wa ndani."

Mimi nikasema hakuna shida, tuna kamera. Nikajisikia kama mpelelezi. Nikafungua kamera ya geti kwanza. Kuanzia jioni giza lilipoingia, picha inakuja, inazima, inakuja, inazima, mpaka alfajiri. Mchana safi, usiku hakuna kitu. Nikaingia kamera ya mlango wa nyuma. Hapo nikakuta nilichokuwa nakitafuta. Saa ya juu kwenye picha imeandika 21:40. Dada anatoka mlango wa nyuma, kiroba kizito begani, anaangalia huku na huku, anaelekea upande wa geti.

Tukamwita sebuleni. Mama akamuuliza, "Jana saa tatu na dakika arobaini usiku ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala, mama."

"Umelala na kiroba begani?"

Tukamwonyesha. Binti akaangalia picha, akatuangalia sisi, akaangalia tena picha. Akasema, "Ni mimi, mama, lakini saa hiyo mimi nilikuwa nimelala." Na mimi hapo ndipo nilipotoa sentensi ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu. Nilimwambia, "Kamera haisemi uongo."

Alilia. Hakuwa na la kusema maana hata yeye mwenyewe hakuelewa anaangalia nini. Mama hakumpeleka polisi, alisema anamuonea huruma. Akampa nauli na nusu ya mshahara wa mwezi, na Jumamosi alfajiri binti akapanda basi. Kabla basi halijafika, mama alishampigia simu shangazi yake aliyetuletea huyo binti. Kwa hiyo kijijini kwao habari ilitangulia, yeye akafuata.

KUKU

Jumapili nimekaa na laptop, nakata ile klipu niiweke humu. Ndiyo, humu. Kichwa cha habari nilishaandika, sikitaji. Naangalia mahali pa kukatia, naangalia tena, naangalia tena. Mara ya nne au ya tano macho yakaacha kumuangalia dada yakaenda pembeni ya picha.

Kuku.

Kuku wawili wa mama wanachakura nyuma ya dada. Taratibu, hawana wasiwasi. Saa 21:40. Sasa wewe uliyekulia uswahilini au shamba niambie, ni kuku gani anachakura saa tatu na dakika arobaini usiku? Kuku jua likizama keshaingia bandani, hata ukimfukuza hatoki.

Kule nyuma tuna kipenu cha bati, kuna giza giza hata mchana. Kamera ikiona mwanga ni mdogo inadhani ni usiku, inawasha zile taa zake zisizoonekana, picha inageuka nyeusi na nyeupe. Ndo maana wote tuliona "usiku". Nikachukua simu nikaangalia saa: saa sita kasoro dakika nane mchana, yaani 11:52. Nikaangalia DVR: 16:52. Imetangulia masaa matano kamili. Mashine imetoka China na majira ya China, GMT+8. Sisi Dar ni GMT+3. Toa tatu kwenye nane.

Kwa hiyo ile 21:40 ilikuwa saa kumi na dakika arobaini jioni. Nikaendelea kuangalia mbele, kitu ambacho Ijumaa hatukufanya kwa sababu tulishapata tulichokitaka. Dakika kama hamsini baadaye, dada huyo anarudi na kiroba, nguo zimechafuka unga.

Nikamwita mama nikamwonyesha kuku. Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema taratibu, "Mahindi. Mimi ndiye niliyemtuma mashineni."

Tulimpigia simu. Mama aliomba msamaha, mtu mzima analia kwenye simu, akamtumia mshahara wake wote na cha juu. Akampigia na shangazi kurekebisha maneno, lakini mnajua neno la wizi likishatoka linavyotembea. Mimi nikapewa simu, nikashindwa hata kuongea vizuri. Dada akasema, "Sawa kaka, nimewasamehe. Ila sirudi."

Nani alichukua pampu na mtungi? Mpaka leo hatujui. Kamera pekee ambayo ingemuonyesha ilikuwa inazima na kuwaka usiku kucha kwa sababu mimi nilibana kwenye waya.

SASA MSIMAMO WANGU

Wadau, sipingi kamera. Mitaa yetu tunaijua. Ninachopinga ni hii tabia ya kuhesabu kamera badala ya kuhesabu vinavyoifanya kamera iseme kweli. Ukiwa na hela ndogo, punguza idadi ya kamera. Waya, umeme, diski na saa usiviguse. Kamera mbili zinazofanya kazi usiku zinazishinda kamera nne za status. Nawaambia kwa mpangilio, kila kitu nilichojifunza kwa fundi yule yule niliyemdharau, ambaye alirudi bila kinyongo.

Waya kwanza. Fundi alikuja na mita yake tukasubiri giza. Kwenye adapta tunapima volti 12. Kule getini mwisho wa waya, taa za usiku za kamera zikiwaka, tukapata volti 8 na pointi. Mchana kamera inakula umeme kidogo, inavumilia. Usiku ikiwasha taa zake inahitaji umeme mwingi zaidi, na waya mwembamba na mrefu unaumeza umeme njiani. Kamera inakufa, inajiwasha, inakufa. Hiyo ndo siri ya kamera nyingi mnazosema "ni mbovu usiku". Kamera nzima, waya ndo mbovu.

Waya niliokuwa nimenunua ulikuwa alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa macho ni shaba tupu. Ukitaka kuujua, chukua wembe ukwangue: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini. Ni mwepesi ukiubeba, na ukiukunja mara chache unakatika. Tulibadilisha wa geti tu, tukaweka Cat6 ya shaba halisi. Ndani ya waya huo kuna jozi nne. Jozi moja tukaitumia kwa picha, na vile vifaa vidogo vya kuunganishia ambavyo mafundi wanaviita baluni, jozi tatu zilizobaki tukazifunga pamoja kupeleka umeme. Tukapima tena usiku: volti 11 na zaidi. Kamera ile ile, haijazima tena mpaka leo. Tulinunua mita chache tu kwa kupimiwa, si boksi zima la mita 305, na haikufika hata bei ya kamera moja.

Na kama una uwezo wa kuchukua zile kamera zinazopitisha picha na umeme kwenye waya mmoja wa mtandao, fundi atakuambia zinatuma umeme wa volti kama 48, kwa hiyo umbali haziuogopi sana, mwisho mita 100. Ni ghali kidogo lakini kwa uwanja mrefu zinalipa.

Nje pitisha waya kwenye bomba la plastiki, jua la kwetu linakausha ganda la waya mpaka linapasuka. Na kabla waya haujaingia ukutani uache uning'inie chini kidogo kama tumbo, maji ya mvua yadondokee pale. La sivyo masika ikija maji yanafuata waya mpaka ndani ya DVR.

Umeme pili. DVR na kamera zetu nne zinakula kama wati 40. Zidisha kwa masaa 24, ni karibu uniti moja kwa siku, uniti 30 kwa mwezi. Kama uko kwenye ile bei ya matumizi madogo, mwisho uniti 75 kwa mwezi, hapo umeshatumia asilimia 40 kwa kamera tu, bado friji. Ndo maana nasema kamera mbili zinatosha. Na LUKU ikiisha usiku kamera zimeisha pia, kwa hiyo kibetri cha akiba, ile UPS ndogo, ni muhimu kuliko kamera ya tatu. Haiwezi kukesha, kwa mzigo kama wetu inakupa kama saa moja hivi, lakini umeme ukikatika kidogo tu unapata picha ya kilichotokea gizani.

Diski tatu. Hapa wengi tunapigwa. Kamera moja ya picha safi, ile ya 1080, ikirekodi muda wote kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde inakula kama GB 43 kwa siku. Kamera nne ni GB 172. Diski ya TB 1 inajaa ndani ya siku sita, halafu inaanza kufuta za zamani. Ukisafiri wiki, ukarudi, tukio la Jumatatu halipo. Mashine inayojua kubana picha kwa H.265 inaweza kukupa karibu mara mbili ya hapo. Uliza dukani kabla hujalipa.

Saa nne, na hii ni bure. Siku ya kufunga, fundi asiondoke hujasimama na simu mkononi ukalinganisha saa. Weka GMT+3. Halafu kila mwezi linganisha tena, maana kibetri kidogo cha ndani kikifa, umeme ukikatika mashine inaweza kurudi mwaka 2000 huko. Na sisi Waswahili tuna mtego wetu wa pili: mashine inasema 21:40, sisi tunahesabu saa tatu na dakika arobaini. Mtu ana hasira, anasoma 16:00 anaita saa sita. Soma polepole.

Mwisho ndo kamera yenyewe. Usiipandishe juu kabisa ya ukuta, utakuwa unarekodi kofia za watu. Mita mbili na nusu hadi tatu inatosha kuona sura. Usiielekeze jua linapochomoza au linapozama. Na ukae ukifuta, buibui wanapenda sana pale, usiku utando wao unang'aa mbele ya taa za kamera, picha yote inakuwa ukungu. DVR usiiweke chini ya runinga, mwizi anaondoka nayo na ushahidi wake. Ifiche kwenye kabati lenye kufuli na upenyo wa hewa.

PASWEDI, NA NANI ANAKUANGALIA

Kitu kingine cha mastaa. Mnashangaa video za ndani ya nyumba zao zinavuja, mnasema ni kiki. Nyingine kiki kweli. Lakini jiulize, fundi aliyefunga kamera zako, ile programu ya kuangalia kupitia simu aliijaribu kwenye simu ya nani? Kwetu ilikuwa kwenye simu yake. Alinikumbusha mwenyewe kuitoa, Mungu ambariki, mwingine asingesema. Kwa miezi kadhaa angeweza kumuona mama yangu anapita na kanga moja.

Na ile paswedi ya kiwandani, admin na namba rahisi, ibadilishe siku hiyo hiyo. Oktoba 21, 2016 wahalifu wa mtandaoni walitumia maelfu ya kamera na DVR za majumbani kama zetu, zilizoachwa na paswedi za kiwandani, kushambulia kampuni moja ya Marekani iitwayo Dyn. Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye kamera wala hawakujua kama vifaa vyao vinatumika. Sasa kama kifaa kinaweza kuishambulia Marekani kikiwa sebuleni kwa mtu, kukuchungulia wewe kitashindwa?

KUHUSU DADA

Sasa najua kuna watakaosema admin anatetea wezi. Kuna wasaidizi wanaoiba kweli, kuna wanaotesa watoto kweli, na kamera zimewaumbua. Sikatai. Mwenye mtoto mchanga na kazi ya kutwa ana haki ya kutaka kujua kinachoendelea kwake.

Lakini kamera iliyofungwa vizuri inamlinda na dada pia. Kamera yetu ya geti ingekuwa na waya wa maana, tungemuona aliyeingia, na binti wa watu angekuwa bado anaimba jikoni asubuhi. Mimi nilibana hela ya waya, na aliyelipa hiyo hela ni yeye. Kwa jina lake.

Kwa hiyo mwambie dada kamera ziko wapi. Usimfungie chumbani kwake wala bafuni, huo ni uchafu, hauna jina lingine. Na usimposti. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, sura ya mtu haigeuki kuwa mali yako kwa sababu analala chini ya bati lako. Una ushahidi? Kuna mjumbe, kuna serikali ya mtaa, kuna polisi. Wafuasi wako siyo mahakama, na mimi admin siyo hakimu.

Kwa yule mrembo, kama unasoma, na najua watu wako wanasoma: inawezekana binti kakuibia kweli, sijui, sikuwepo. Naomba tu ufanye mambo matatu kabla hujaendelea. Linganisha saa ya mashine na saa ya simu yako. Angalia lisaa limoja kabla na lisaa limoja baada ya hicho kipande ulichokata. Halafu ujiulize kama si wewe au mtu wa nyumbani kwako uliyemtuma.

Mimi hayo sikuyafanya. Nilikuwa na kamera nne.

Tuliongeza pampu nyingine, mtungi mwingine. Mama hajachukua dada mwingine, anasema bado. Kamera sasa ni mbili, moja getini, moja mlango wa nyuma, zile mbili nimemuuzia jirani na nimemwambia anunue waya kwanza. Asubuhi huwa naangalia geti usiku ulivyokuwa, halafu nafungua ya mlango wa nyuma. Kuku wanatoka bandani kama saa kumi na mbili na nusu. Nikiwaona wametoka, naangalia namba juu ya picha kama inasema 06:30.

Kwenye maoni leo nataka stori zenu. Nani kamera ilimsaidia kweli, na nani kamera ilimponza? Mafundi mliopo humu, nirekebisheni pale nilipokosea, sina cheti, nimejifunza kwa kuumia. Lakini atakayeweka jina au picha ya yule binti kwenye maoni, namfuta.